Pinki Haitoki kwa Simu

Mazee, kuna ugonjwa umeingia Nax. Kila wikendi mtu anashuka Lake Nakuru na simu, anarudi na flamingo mwenye rangi ya babalgam. Anapost, wasee wa Nairobi wanamwaga mioyo, na hakuna anayeuliza huyo ndege alikuwa anakula nini.

Na swali ndio hilo. Flamingo hazaliwi pinki. Wale wetu wa aina ndogo, wengi wametotolewa Lake Natron kule Tanzania, hutokea huku wakiwa kijivu tu. Wanakula spirulina, ule mwani wa maji ya magadi, na rangi iliyo ndani yake ndiyo inawaingia kwa manyoya mosmos, miaka mitatu minne. Sasa wewe ukishika kale kakijivu ukavuta slaida ya rangi hadi mwisho, umempatia mtoto umri hajaishi. Ukimfanyia flamingo wa ile aina kubwa hivyo, hiyo ni soo kabisa. Huyo kawaida ni mweupe-mweupe, na mdomo wake ni wa pinki, ncha nyeusi. Yule wa aina ndogo ndiye ana mdomo wa giza. Msee anayejua ndege atacheki mdomo, acheki manyoya, aanze kucheka.

Halafu Lake Nakuru si ile ya kalenda za zamani. Tangu maji yaanze kupanda kitu 2010 hivi, hadi yakameza geti kuu ya parki, magadi yalipungua nguvu, spirulina ikapotea, flamingo wengi wakahepa kwenda Lake Bogoria. Kuna wenye hurudi. Lakini ule ukingo wa ndege milioni na zaidi usijichoree kwa programu.

Base yangu ni Elementaita, kule Kekopey kwa maji moto. Huhitaji lenzi ya laki tatu. Unahitaji tumbo: lala chini kwa hiyo magadi nyeupe, uchafue luku, simu ikae usawa na jicho la ndege. Na usimfuate. Flamingo hula kichwa kikiwa kimepinduka huku wanatembea, kwa hivyo soma wanaelekea wapi, tangulia, tulia, wakukute. Ukiwakimbilia wataruka na utabaki na fota za matako. Simu haina zumu? Bandika kamera yake kwa jicho moja la darubini, shikilia na vidole. Utashtuka vile inatoa kitu safi. Zile zumu za mara mia ni simu inajichorea manyoya ya kwake.

Ujanja wenye watu wengi hawana ni wa mwanga. Magadi nyeupe hudanganya kamera. Inadhani kuna jua mob, inapunguza, ndege anatoka mchafu mchafu, ndio sasa kila mtu anakimbilia slaida ya rangi. Buda, ongeza mwanga kabla hujabonyeza, pinki itajileta. Ila mwari akiingia hapo katikati, teremsha chap chap. Weupe ukishaungua, hakuna programu itakurudishia hayo manyoya.

Kwa Snapseed mimi nanyoosha maji yakae sawa, nakata kando, nafungua jicho kidogo. Chupa ya plastiki ikiwa nyuma ya ndege naiacha. Hiyo pia ni Elementaita.

Naivasha nako kuna mchezo tofauti. Msee wa boti anapiga mluzi, anarusha samaki aliyejazwa mafunjo tumboni ndio aelee, na tai anashuka kucha mbele. Ukiwa na kamera ya ukweli, weka shata 1/2000 na utahesabu matone. Huyo msee wa boti simlaumu, anasaka unga. Nakerwa na mwenye kuandika chini ya picha ati alingoja tangu alfajiri. Sema samaki alirushwa, basi. Huko London, shindano kubwa la picha za wanyama lilimnyang'anya mshindi wake wa 2009 taji baada ya waamuzi kuamini mbwa mwitu wake anayeruka geti alikuwa wa kufugwa. Picha ilikuwa moto. Stori ndiyo ilimchoma.

Na kama bado unataka pinki ya kuumiza macho, achana na slaida. Panda mathree ya Marigat, uliza ya Loboi, uingie Bogoria. Beba maji, jua la huko halina undugu.