Mbele ya kununua jezi, tuangalie viatu

Kila siku ya Mungu, saa kumi na moja ya asubuhi, tunakutana Makiso na kukimbia mpaka daraja la Tshopo, kiisha tunarudi. Kuko walimu, mama wa soko, wachimbaji waliofika kutoka Banalia, na sisi wa sendika. Watu mingi wanaanza na moto, kiisha mwezi moja wanaacha juu ya magoti. Ukiwauliza franga zao ziliendaka wapi, jibu ni jezi ya timu, kofia, saa ya mkono. Na viatu? "Nilitumia vile vya zamani."

Kwenye mgodi tulibishana na wakubwa miaka mingi juu ya kofia ngumu na bote. Hatukuomba kwanza nguo yenye jina la kampuni mgongoni. Tuliomba kile kinachokaa kati ya mutu na jiwe. Kwa mwenye kukimbia, ni kiatu.

Wengi wetu tunanunua mitumba, hakuna haya. Lakini kiatu cha mtumba kinaweza kupendeza macho na ndani kimekufa. Soli laini inachoka kisha kilometa 500 mpaka 800, na hata kikikaa tu bila kuvaliwa, inakauka. Basi usiangalie rangi. Finya soli na kidole gumba: kama ni ngumu sawa mbao, uachie muuzaji. Weka vyote viwili juu ya meza, uviangalie toka nyuma; kimoja kikilala upande, aliyekivaa mbele yako alikiharibu, na wewe utakimbia na mguu wake. Kipinde: kinapaswa kujikunja pale vidole vinajikunjaka, si katikati. Tazama gundi pia, maana mvua ya Kisangani haina musimu, soli itabaki kwenye matope. Jaribu mangaribi, wakati mguu umevimba na joto la siku, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kidole gumba. Muuzaji akikataa ukimbie hatua kumi mbele ya meza yake, enda kwa jirani.

Vijana wanatuambia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Lakini Tokyo, mwaka 1964, alivaa viatu, akashinda tena, na alikimbia mbio zaidi kuliko Roma. Tena Roma hakukuwa vipande vya chupa vya Mangobo.

Kitu cha pili ni kuonekana. Saa ile bado giza, na moto zingine hazina taa. Mwenzetu mmoja aligongwa kwenye barabara ya Bangboka. Yeye alivaa jezi nyeusi. Mguu ulivunjika, na franga za hospitali tulizichanga sisi wenyewe. Toka siku ile, kila mutu anavaa jile yenye mikanda ya kungaa, kama ya wafanyakazi wa barabara. Nguo nyeupe peke yake haitoshi. Tunakimbia upande wa kushoto, tuone uso wa chombo kinachokuja, na muziki wa masikio unabaki nyumbani.

Ingine ni ndogo. Pamba inanywa jasho na kuchubua mapaja, kwa hiyo nguo nyepesi na vazelini kidogo. Mama wanahitaji sidiria inayoshika vizuri. Wanaume wa kamati tulisahau kuiandika kwenye liste, wakatusahihisha. Wale wanaovaa koti nzito ao mfuko wa plastiki ili wapungue, wanapoteza maji tu, si mafuta, na kwa joto letu wanaweza kuanguka.

Sasa tumeanzisha likelemba: kila mwezi watu wawili wanapata franga za viatu. Zamu hii ni ya mama wawili wa soko, na siku ya posho tutaenda nao kufinya soli.