Nchelenge: Vichezeo vya kutengeneza nyumbani pamoja na watoto, na kwa nini vina manufaa

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa mwezi Februari, uvuvi husitishwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Ni majira ya mvua, na kwa sehemu kubwa ya Desemba shule nazo huwa zimefungwa. Kuanzia Kashikishi na Nchelenge hadi vijiji vya kando ya Mofwe, upande wa kusini, watoto hushinda nyumbani wakati uleule ambapo fedha zimeadimika katika kaya zinazotegemea ziwa.

Katika hali hiyo, kichezeo cha dukani huonekana kuwa anasa. Hata hivyo, kumpatia mtoto kitu cha kumkuza akili hakuhitaji duka. Mifuko mitupu, vizibo, vipande vya kitenge na kamba za nyavu zilizochakaa vyatosha, iwapo mtu mzima atakaa na mtoto na kuzungumza naye wakati wa kazi.

Je, kuna ushahidi wowote?

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Kingston, Jamaika. Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa kutokana na lishe duni. Kwa muda wa miaka 2, baadhi ya familia zilitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya wa jamii, aliyekaa nao takriban saa moja akimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto. Vichezeo vilivyotumika vilitengenezwa kwa mkono, kwa vitu vya kawaida.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba, miaka 20 baadaye, vijana waliopata michezo hiyo utotoni walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakuipata. Kilichowafaa ni maongezi na uangalifu wa mzazi. Kichezeo kilikuwa njia tu ya kuyaleta hayo.

Kwa nini jambo hili linazihusu hasa familia za Kiswahili?

Wilaya ya Nchelenge ina wakazi wengi waliovuka kutoka Kongo, wakiwamo wale wa makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mapigano. Lugha saba za Kizambia hufundishwa shuleni, nacho Kiswahili hakimo. Mtoto hukutana na Kibemba na Kiingereza darasani, kwa hiyo Kiswahili chake hutegemea yale anayoyasikia nyumbani.

Kazi ya mikono ni mahali pazuri pa kukihifadhi. Maneno kama kunja, kaza, pindua, toboa na fundo hayaelezeki vizuri kwa mdomo mtupu. Mtoto huyashika pale mkono wake unapoyatenda.

Mpira wa mifuko

Nchini Zambia mpira huu huitwa chimpombwa. Chukua mifuko laini iliyooshwa na kukaushwa. Fumbata mmoja pamoja na matambara hadi uwe donge gumu. Hicho ndicho kiini. Kitie ndani ya mfuko wa pili, sokota mdomo wake, kisha upindue mfuko uwe ganda jingine juu ya kiini. Rudia mpaka mpira ufikie ukubwa unaotakiwa.

Sasa zungusha kamba, ukiugeuza mpira kidogo kila mara ili mizunguko ikutane sehemu mbili, juu na chini. Mwishowe pitisha kamba kwa kukata mizunguko hiyo, ukifunga fundo kila inapopishana, mfano wa wavu. Baba au babu aliyezoea kushona nyavu atakuwa mwalimu bora hapa. Tumia wavu wa kuvulia uliochakaa. Usikate chandarua kinachotumika, kwani Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi zaidi.

Mtumbwi wa chupa

Laza chupa ya plastiki ya nusu lita ubavuni. Mtu mzima akate dirisha upande wa juu na kufunika kingo kwa utepe au kitambaa, maana plastiki iliyokatwa hujeruhi. Simamisha kijiti kiwe mlingoti na kipande cha mfuko kiwe tanga. Uweke mtumbwi ndani ya beseni, kisha mwambie mtoto akisie utabeba kokoto ngapi kabla ya kuzama. Apakie mojamoja, akihesabu kwa sauti. Ukipinduka, muulize sababu, kisha mjaribu kupanga kokoto upya.

Mchezo huu ufanyike kwenye beseni, si ziwani. Pembezoni mwa ziwa pana mamba na viboko, na maji yaliyotulia kati ya matete huweza kuwa na vimelea vya kichocho.

Mwanasesere wa kitenge

Viringisha matambara yawe kichwa, yafunike kwa kipande cha kitenge na ufunge uzi shingoni. Jaza kiwiliwili, shona mikono na miguu. Macho na mdomo vitiwe kwa uzi badala ya vifungo, ambavyo hung'oka na kumezwa.

Tengenezeni wanasesere kadhaa, wawe familia au wahusika wa hadithi za nyumbani. Mtoto aliyehama makwao kwa hofu mara nyingine huigiza kwa wanasesere yale asiyoweza kuyasimulia. Msikilize bila kumhoji wala kumkatiza. Akionekana kutaabika siku nyingi, zungumza na mhudumu wa afya au mwalimu.

Bao la ardhini

Chimba vishimo vidogo kwa safu, navyo vizibo viwe kete. Mchezo wa namna hii unajulikana pande zote mbili za ziwa: ni nsolo nchini Zambia, kisolo kwa Waluba wa Kongo. Kwa mtoto mdogo, anza kwa kugawa vizibo na kuvihesabu. Hapo atagundua kwamba lugha zake mbili ni ndugu: viwili, vitatu, vinne, vitano kwa Kiswahili, fibili, fitatu, fine, fisano kwa Kibemba. Mwalike mtoto wa jirani, kila mmoja ahesabu kwa lugha yake.

Tahadhari za kuzingatia

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe kitu chochote kinachoenea chote kinywani: kizibo, kokoto, kifungo au harage. Ikiwa ana hamu ya sauti, tia vizibo kadhaa ndani ya chupa ndogo, kaza kifuniko na uishone chupa yote ndani ya kitambaa; atatikisa bila kufikia kilichomo.

Mifuko ya plastiki isiachwe karibu na watoto wadogo, kwani huweza kuwaziba pumzi. Usitumie vyombo vilivyobeba dawa za mimea, hata vikioshwa. Epuka mbegu za mbarika na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, kwa sababu zina sumu. Wembe, mkasi na sindano virudi mahali pa juu kazi ikiisha.

Uanzie wapi?

Chagua kimoja tu, kwa robo saa, wakati chakula kinaiva au mvua inanyesha. Mwache mtoto afanye anachokiweza, hata kama fundo litalegea. Likifunguka, mtalifunga tena pamoja, na maneno yaleyale atayasikia mara ya pili.