Kiumbe wa Gogo Bovu katika Kisanduku cha Karameli

Ukungu-ute si kuvu, wala si mmea. Ni jamaa wa amiba: hutambaa polepole juu ya gogo lililooza ukimeza bakteria, kisha huacha kula, hupanda mahali pakavu na kugeuka vifuko vilivyojaa spora. Mtambuzi hana budi kuusubiri ufike hapo, kwani ute mbichi wa spishi moja huweza kufanana kabisa na wa nyingine.

Rangi ya spora hutangulia. Fuligo septica, pamoja na unjano wake wote, hutoa spora za giza. Za Trichia kwa kawaida ni za njano. Lakini utamu wenyewe umo ndani ya kifuko. Kikipasuliwa kwa sindano chini ya hadubini, hutokeza nyuzi zilizotapakaa katikati ya spora. Za Trichia zimesokotwa mithili ya kamba ya katani, ncha zikiwa zimechongoka. Za Arcyria zimeshikana kuwa wavu. Za Physarum zina vifundo vya chokaa. Jina la spishi mara nyingi huamuliwa na uzi usioonekana kwa macho.

Kazi hiyo ilimfaa mtafiti Minakata Kumagusu, aliyerejea Japani mwaka 1900 kutoka London na baadaye kuweka makazi Tanabe. Sampuli zake zilivuka bahari hadi kwa Arthur Lister na bintiye Gulielma, mabingwa wa fani hii Uingereza. Moja, ambayo Minakata aliiona mwaka 1917 kwenye mti hai bustanini mwake, Gulielma aliipa jina Minakatella longifila mwaka 1921. Kabla ya hapo, misitu ya mahekalu ya Japani, makao ya viumbe hawa, ilipoanza kufyekwa, Minakata aliipigania hadi akatiwa kizuizini. Mwaka 1929 alimhutubia Mfalme Hirohito, naye mtafiti wa viumbe hawa, akamkabidhi sampuli 110 ndani ya visanduku vya karameli. Visanduku hivyo havikuwa dharau hata kidogo: kifuko kikavu hupondeka kwa kuguswa tu, na kisanduku kigumu chenye kina ndicho kinachokifaa.

Ukavu, hata hivyo, hufuta rangi. Lycogala epidendrum, vile vidonge vya waridi vinavyotoa rojo vikibonyezwa, imebainika kwa vipimo vya jeni kuwa ni spishi nyingi zilizobebeshwa jina moja, na rangi ya ubichi ni mojawapo ya alama za kuzitenganisha. Zile zilizokwisha kukauka makabatini na kuwa za kijivu, zitaitwaje?