Tangazo Lipi Limemleta Mnunuzi?
Mfanya biashara mdogo akitoa fedha zake kwa ajili ya matangazo, mara nyingi huridhika aonapo watu wakija. Lakini hajui ni tangazo lipi lililowaleta, wala hajui kama wangalikuja hata bila tangazo lo lote. Hasara ya kutojua jambo hili yaonekana wazi katika vilima vya Kalama, Kaunti ya Machakos.

Katika nchi ya Ukambani mvua za kutumainiwa zaidi ni zile za vuli, zinyeshazo kuanzia Oktoba hata Desemba. Basi chukua mfano wa mtu mwenye kitalu cha miembe iliyopandikizwa. Miche isiyouzwa kabla mvua hazijakatika hubaki katika mifuko yake, mizizi ikijikunja, naye mwenyewe hana budi kuinywesha maji ya kuletwa kwa punda miezi yote ya jua. Mtu huyu ametoa matangazo mawili: karatasi aliyoibandika penye kinu cha posho huko sokoni Kola, na tangazo katika redio ya Kikamba, kama vile Musyi FM au Mbaitu FM. Atajuaje lipi lina faida?

Njia ya kwanza ni kuuliza. Kila mteja aulizwe, na jibu liandikwe papo hapo katika daftari: tarehe, kijiji atokacho, aliyempa habari, na idadi ya miche aliyonunua. Lakini swali lenyewe lataka busara. Mzee akiulizwa, “Je, ulisikia tangazo letu redioni?” atajibu, “Naam,” hata kama redio yake haina betri tangu mwaka jana, kwa kuwa si adabu kumvunja moyo mwenye mali. Heri aulizwe, “Mzee, habari za miche hii umezipata kwa nani?” kisha aachwe aseme mwenyewe. Pengine atasema aliambiwa na jirani, na jirani alisikia redioni. Yote mawili yaandikwe. Mtoto aliyetumwa na babaye asisumbuliwe.

Njia ya pili haitegemei kumbukumbu za mteja, nayo ni kulitia kila tangazo alama yake. Jambo hili si geni. Wafanya biashara wa Marekani waliouza vitu kwa njia ya posta walikuwa wakibadili anwani yao kidogo katika kila gazeti, au wakichapa kikaratasi cha kukatwa chenye herufi yake, hata barua ikifika ikajulikana imetokana na gazeti gani. Claude Hopkins alizieleza hesabu za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1923. Mwenye kitalu aweza kufanya vivyo hivyo. Tangazo la redio litaje nambari ya simu isiyoandikwa mahali pengine po pote. Karatasi ya kinuni iseme kwamba atakayetaja neno “kinu” atapewa mche mmoja zaidi kwa kila kumi atakayonunua. Zawadi isizidi hapo, ama sivyo neno litaenea na kila mtu atadai ametoka kinuni.

Sasa hesabu. Tuseme karatasi iligharimu shilingi 300, wakaja watu 7, wakanunua 5. Basi kila mnunuzi amegharimu shilingi 60. Redio iligharimu shilingi 6,000, wakaja 20, wakanunua 4. Kila mmoja amegharimu shilingi 1,500. Mtu wa haraka ataiacha redio siku hiyo hiyo. Lakini daftari laonyesha kwamba wale watano wa kinuni walichukua miche 15 tu kwa jumla, hali mmoja wa redio, aliyetoka upande wa Wote, alichukua 200. Kwa shilingi 150 kila mche, huyo peke yake ameleta shilingi 30,000. Hii ndiyo sababu ya kuandika idadi ya miche wala si idadi ya watu tu. Hata hivyo mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Yafaa tangazo la redio lirudiwe kwa juma moja, si kwa msimu mzima, ionekane kama wengine watakuja kutoka upande ule.

Tena kuna mvua. Siku mbili baada ya mvua ya kwanza watu huja wenyewe, hata kama hakuna tangazo. Kwa hiyo siku ya mvua nayo iandikwe daftarini, ili tangazo la juma lile lisisifiwe bure.

Jina la mteja si lazima kuandikwa. Kijiji chake chatosha. Na nambari za simu zilizopatikana kwa njia hii zisitumiwe kuwapelekea watu matangazo mengine bila idhini yao, kwani Kenya inayo Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, nayo yamhusu hata mwenye kitalu kidogo.