Mkebe wa Uzile Ulipokuwa Mtupu

Mchele ulikwisha kuchaguliwa na kurowekwa, nyama inatokota kando, vitunguu vimeanza kugeuka hudhurungi kwenye mafuta. Zamu ya viungo ikafika. Nikafungua mkebe wa uzile: mtupu.

Nilikuwa na miaka 11, kwetu Unguja, masika yakimimina. Kwa mvua ile hakuna wa kutumwa dukani. Na mnajua, watoto, pilau bila uzile inakuwaje. Uzile ni zile mbegu nyembamba zenye mistari. Labda kwenu mwaziita bizari nyembamba, bizari nzima au jira. Hazilimwi kisiwani kwetu, maana mmea wake hupenda nchi kavu. India ndiyo inayolima uzile mwingi kuliko nchi zote.

Nikaona mkebe mwingine, ndani yake mbegu nyembamba zenye mistari. Nikachota kijiko kizima.

"We mke mwenzangu!" Bibi akaniita kwa utani wake.

"Labeka, Bibi."

"Tafuna kwanza."

Nikatafuna. Tamu! Ilikuwa shamari, ile ya kutafunwa baada ya chakula. Sura ilikuwa ya uzile, ladha ilikuwa ya peremende. Chungu kizima kingeharibika kwa sababu nilitumia macho mahali pa kutumia pua.

Bibi akaniuliza swali ambalo mpaka leo najiuliza kila mkebe unapokwisha: "Huo uzile ulikuwa unafanya kazi gani chunguni?" Rangi ya pilau ile ilitoka kwenye vitunguu, ukali kwenye pilipili manga, harufu tamu kwenye iliki na mdalasini. Uzile ulikuwa na kazi moja: harufu nzito, yenye joto, kama ya udongo uliokauka juani. Basi tulitafuta wa kuifanya kazi hiyo.

Akachukua giligilani. Mbegu zake ni duara, hazifanani na uzile hata kidogo, na zikiwa mbichi zinanukia kama ndimu. Lakini Bibi alizikaanga kavu kwenye kikaango, moto mdogo, mpaka zikabadilika rangi na harufu ikawa nzito kama ya karanga. Akazitwanga kwenye kinu, akaongeza punje chache za pilipili manga. Kwa kuwa giligilani ni mpole, alitia kijiko kimoja na nusu mahali pa kijiko kimoja cha uzile.

Kisha akamimina ndani ya mafuta ya moto kabla ya supu ya nyama kuingia, na hapa pana sababu. Harufu ya kiungo ni mafuta mepesi yaliyojificha ndani ya mbegu. Ukitwanga, unayafungulia mlango. Hayapendi kuchanganyika na maji, ila kwenye mafuta ya kupikia yanayeyuka na kuenea kila punje ya mchele.

Sasa niwaambie jambo lililonishangaza nilipokua. Uzile, giligilani, shamari na karoti ni ukoo mmoja wa mimea! Lakini mmeona wenyewe: shamari ni ndugu, na bado ilikuwa iniponze. Undugu unakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Anayeamua ni pua.

Wakati mwingine bahati inakuwa kubwa zaidi. Kungumanga ikikosekana, tumia basibasi, kwani vyote hutoka katika tunda moja: kungumanga ni kokwa, basibasi ni ule wavu mwekundu unaoizunguka. Na karafuu? Siku ukitembelea shamba la viungo, vunja jani la mdalasini ulinuse. Utaapa ni karafuu. Ndani ya vyote viwili mna mafuta yaitwayo eugenoli, yaleyale yanayonukia kwa daktari wa meno. Jani moja au mawili chunguni huziba pengo vizuri.

Zafarani ndiyo iliyonishinda. Kila ua lina nyuzi 3 tu, na gramu moja huhitaji maua zaidi ya 100. Manjano yatakupa rangi yake kwenye wali wa biriani, harufu yake hayatakupa. Ikikosekana, mimi hupika chakula kingine.

Pilau yetu ilipopakuliwa, Babu alinusa, akanyamaza, akala. "Leo imebadilika," akasema, akasogeza sahani aongezwe. Haikuwa pilau ya uzile. Ilikuwa pilau nyingine, na tamu.

Leo jioni ombeni ruhusa jikoni. Fungueni mikebe mmoja mmoja, mfumbe macho, mnuse, mtafune punje moja moja, hata ile msiyoipenda. Fanyeni hivyo sasa, wakati mikebe bado imejaa.