Kiini Ndicho Kinachopokea Ngumi: Vifaa vya Mazoezi vya Kujitengenezea Eastlands

Kila kifaa cha michezo kilichotandikwa laini, kiwe gunia la kupigwa na mabondia, padi anayoivaa mkufunzi kiganjani au fimbo ya sponji ya kumfundishia mwanafunzi kukwepa, kina gamba la nje linaloonekana na kiini cha ndani kisichoonekana, na kiini hicho ndicho hubeba uzito, hupokea pigo na kuamua iwapo mkono utatoka salama. Nchini Kenya, nchi ambayo Robert Wangila aliipatia dhahabu yake ya kwanza ya ndondi ya Olimpiki mjini Seoul mwaka wa 1988, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, Kaloleni na Kariobangi ikiwemo, imeendelea kulea mabondia, ingawa bei ya vifaa vya dukani huwashinda wengi wao. Kwa hiyo ujuzi wa kuchagua kiini unastahili heshima ileile inayopewa ujuzi wa kurusha ngumi.

Kiini chema huhitaji sifa mbili ambazo mara nyingi hupingana: uimara, yaani kutovunjika, na unyumbufu, yaani uwezo wa kubonyea au kupinda kisha kurejea umbo lake. Watoto wa mitaa hii waliufahamu ukweli huo zamani kupitia mpira wa juala, kwa kuwa mifuko ya plastiki iliyoviringwa na kukazwa kwa kamba huhifadhi hewa kidogo kati ya tabaka zake, na hewa hiyo ndiyo huufanya mpira udunde. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 iliifanya malighafi hiyo kuwa adimu, lakini kanuni yenyewe haikubadilika.

Kosa kubwa katika gunia la ndondi ni kulijaza mchanga mtupu, kwa sababu mchanga hushuka, hushikana na kuwa mgumu kama ukuta, hali ya kuwa mkono wa binadamu una mifupa 27, mingi yake midogo. Vumbi la mbao nalo hufyonza unyevu na kuganda. Vilivyo bora ni vipande vya nguo kuukuu, ambavyo havikosekani karibu na soko la mitumba la Gikomba, mradi vifungo na zipu ving'olewe kwanza, kisha nguo zishindiliwe tabaka kwa tabaka. Uzito ukipungua, mchanga hutiwa katika vifuko vidogo vilivyoshonwa imara na kuwekwa katikati kabisa, mbali na ngumi, na kati ya vifuko hivyo na gamba la turubai huzungushwa vipande vya tyubu kuukuu za magari. Mpira wa tyubu umepikwa pamoja na salfa, njia ambayo Charles Goodyear wa Marekani aliipatia hataza mwaka wa 1844. Salfa huzifunga nyuzi ndogo za mpira zisiteleze, ndiyo maana mpira huo ukivutwa hurefuka na ukiachwa hurejea.

Padi huhitaji uamuzi mwingine. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyo wazi, hivyo pigo huifukuza hewa yote na ngumi hufika kwenye kiganja cha mkufunzi. Sponji nzito ya malapa ina vitundu vilivyofungwa, na hewa iliyonaswa humo husukuma nyuma. Ya malapa ikiwekwa upande wa kiganja na ya godoro upande wa ngumi, ya kwanza humlinda mkufunzi na ya pili huupokea mkono wa bondia kwa upole.

Fimbo ndiyo hudai kiini kigumu kupatikana. Mti wa ufagio hukatika ghafla na kuacha ncha, mwanzi hupasuka kwa urefu na kutoa vibanzi vikali, nayo paipu ngumu ya plastiki, ikikaa juani muda mrefu, hupoteza unyumbufu na kuvunjika vipande. Paipu nyeusi ya maji iliyotengenezwa kwa politheni, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hupinda bila kuvunjika. Hata hivyo, ncha zake sharti zizibwe kwa mpira mnene na sponji ipite mwisho wa paipu, la sivyo bomba litaitoboa sponji na kumfikia mwanafunzi usoni.

Kiini, hata kikiwa chema, huchakaa mapema kuliko gamba linavyoonyesha: nguo hujikusanya chini ya gunia, sponji hukonda, paipu hufanya nyufa. Mkufunzi anayewajali vijana wake hufumua mshono mara kwa mara, akatazama, akapanga upya, kisha akalikandamiza gunia kwa ngumi yake isiyofungwa bendeji, kuanzia juu hadi chini, kabla ya mtoto yeyote kulipiga.