Macho ya Uzeeni na Bastola Kuukuu

Mkulima wa mahindi hapa Soy mwenye leseni ya bastola ya zamani huanza kugundua, apitapo miaka 45, kwamba kile kinundu cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kimeingia ukungu. Hudhani mkono umelegea. La hasha! Lenzi iliyo ndani ya jicho imekakamaa, haiwezi tena kubadili umbo ili kuona vitu vya karibu.

Miwani ya kusomea haimfai, kwa kuwa hupimwa kwa umbali wa gazeti, yapata sentimita 40. Mkono ukinyooshwa, kinundu huwa karibu sentimita 65 au 70. Mweleze hivyo mpimaji wa macho, naye atakupa lenzi hafifu zaidi, pengine nambari 1 badala ya 2.5. Vitu vya mbali vitafifia kidogo, lakini kinundu ndicho muhimu.

Tone la rangi nyeupe kwenye kinundu cheusi husaidia pia, bora bastola iwe haina risasi. Usikipige tupa! Kikifupishwa, risasi hupanda juu ya shabaha, na kukirudisha ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Taa za magari zikikuumiza macho usiku, huenda ni mtoto wa jicho. Nenda kliniki ya macho katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Na mzee asiyetambua uso wa jirani langoni jioni, mimi humshauri aipeleke bastola kituo cha polisi mpaka atibiwe.